Lemuel, Yule wa Upande Wenye Mbwa

Kama umewahi kukaa kwenye sebule yoyote ya mji wetu wa Tolliver siku ya Jumapili, ukapewa kahawa na kipande cha pai, kisha ukawekewa albamu ya kadi za matangazo ya maduka mapajani, basi Lemuel Pratt umeshamwona. Hukumjua tu. Ni yule mwanamume mrefu kwenye kadi ya duka la nguo la Bagley, suruali imekomea katikati ya muundi, mikono ya koti imeishia karibu na kiwiko, na nyuma yake mbwa ameng'ang'ania kile kipande cha suruali ambacho mtu hukikalia. Watoto huanza kucheka kabla ukurasa haujakaa sawa. Watu wazima hungoja kidogo, kwa heshima, halafu nao hucheka.

Sasa nyinyi wapwa zangu mnamcheka na hamjui mnachokicheka. Mimi namjua. Nimemnyoa tangu alipoingia mjini humu na vumbi la shamba masikioni, na kile kichwa nimekishika kuliko alivyokishika mama yake mzazi. Tena niseme mapema nisije nikasahau: ile njia ya nywele mnayoiona kwenye kadi, iliyonyooka kama reli ya kwenda Buffalo, ni kazi ya mikono yangu mimi, Asa Crandall, kinyozi. Mchoraji aliharibu vyote vingine. Ile hakuthubutu kuigusa.

Lemuel alitoka mashamba ya tufaha kule juu ya mfereji. Baba yake mfupi, mama yake mfupi, ndugu zake wote ukiwapanga unaweza kuwakalia kama viti. Yeye peke yake akaota na kuota, hata baba mtu akachoka kumkatia suruali akasema, "Nenda mjini, mwanangu, ukatafute kazi mahali penye nguo." Ndivyo alivyofika kwa Bwana Cornelius Bagley, mlango wa pili kutoka kwangu, akapewa kazi ya kusimama nyuma ya kaunta na futi ya kamba shingoni.

Mnaona kichekesho chake hapo? Mtu anashinda katikati ya makoti, makoti kushoto, makoti kulia, mengine yananing'inia kutoka darini kama nyama ya kukausha, na hakuna hata moja linalomwenea. Nguo za Bagley zilikuja tayari zimeshonwa, na aliyezishona huko Rochester sijui alikuwa anawafikiria watu gani, lakini si akina Lemuel. Halafu Bagley alikuwa na utaratibu wake: wauzaji wake aliwavisha zile nguo zilizokosa mnunuzi, ati watembee mjini wakilitangaza duka. Na nguo inayokosa mnunuzi ni ipi? Ni ya mtu mfupi mwenye tumbo. Basi Lemuel akawa anatembea kila mahali akivuta mikono ya koti ishuke. Anavuta wa kulia, anavuta wa kushoto. Ukimsalimia, anavuta. Ukimpa pole ya msiba, anavuta. Mke wangu Orpha alikuwa akisema yule mtu akifa atavuta na sanda.

Kuuza alijua, lakini kwa njia yake. Uongo ulikuwa haumtoki. Siku moja mkulima mmoja alivaa koti la kijani mbele ya kioo, akajigeuza, akauliza, "Je, kijana, linanikaa?"

Lemuel akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, linakaa vizuri sana. Tatizo linakufanya uonekane kama umefariki Alhamisi."

Bagley aliyekuwa nyuma ya pazia alishika kichwa. Lakini mkulima alicheka, akachukua la kahawia, na mwaka uliofuata akarudi na wanawe wote. Ndiyo maana Bagley hakumfukuza.

Sasa ndugu yetu huyu alimpenda mjane mmoja, Bi. Drusilla Wickham, mshona kofia za wanawake pale kona ya kanisa. Mumewe alikuwa nahodha wa mashua ya mfereji, akaondoka na homa. Drusilla alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila neno limenolewa. Kila Jumapili baada ya ibada Lemuel alikwenda kumtembelea, akaketi kwenye lile kochi la manyoya ya farasi linalochoma mapaja, akazungumza habari za mvua. Mvua ikiisha, upepo. Upepo ukiisha, alivuta mikono ya koti. Mwaka mzima! Mimi nilimposa Orpha kabla supu haijapoa.

"Umemwambia?" namuuliza kila Jumatatu, wembe uko kooni, asikimbie.

"Bado, Mjomba." Mjini wote waliniita Mjomba, hata wanaonizidi umri. "Jana kulikuwa na mawingu."

"Mawingu yanahusu nini?"

"Tuliyaongelea mpaka giza."

Kitu kimoja kiliwaweka pamoja, nacho kilikuwa albamu. Wanawake wote wa Tolliver walikuwa wagonjwa wa kadi siku zile, na wasichana, na kusema kweli hata wanaume fulani ambao sitawataja maana bado nawanyoa. Duka la uzi linatoa kadi yenye paka, la sabuni linatoa kadi yenye malaika anafua, la majiko linatoa kadi yenye bibi kizee anacheza. Zinagawiwa bure kaunta, zinabandikwa kwa gundi ya unga, na mgeni akija ndiyo mazungumzo. Albamu ya Drusilla ilikuwa ya kwanza mjini. Alikuwa na mkono wa kupanga, na hakubandika takataka.

Basi Bagley naye akataka kadi yake. Akamleta mchoraji Mjerumani kutoka Buffalo, mtu wa ndevu nzito ambazo hakuniruhusu niziguse, na hasara ilikuwa yake. Kadi yenyewe ilikuwa ya aina mpya, yenye kifuniko cha karatasi: ukiiona kwa nje kuna picha moja, ukifunua kifuniko kuna picha ya pili. Bagley alizunguka dukani akisugua mikono. "Nahitaji watu wawili wa kusimama wachorwe," akasema. "Lucius, wewe. Na wewe, Lemuel."

Lucius alikuwa mpwa wake. Kijana mzuri wa sura, mabega ya kutosha, masharubu niliyoyalea mwenyewe kama bustani. Kila nguo ilimwenea. Ungemvalisha gunia ungeona watu wanauliza bei ya gunia. Na alijijua. Alikuwa hawezi kupita kwenye dirisha la kioo bila kujisalimia.

Lemuel alikuja kwangu asubuhi ile anatetemeka kwa furaha. "Mjomba, nachorwa! Nitengeneze." Nikamtengeneza. Mafuta nilimpaka yale mazuri, ya harufu ya karafuu, ninayowawekea mabwana harusi. Akasimama mbele ya yule Mjerumani saa nzima, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni, anawaza kwamba anachorwa kama bwana mkubwa. Mjerumani alikuwa anakoroga rangi na kuguna kwa furaha. Angalau mmoja wetu angejiuliza kwa nini mchoraji anacheka. Hatukujiuliza.

Kosa lilikuja Jumapili iliyofuata. Kwa mara ya kwanza Lemuel hakuzungumza habari za mvua.

"Bi. Drusilla," akasema, "kuna kadi inakuja, na mimi nimo. Nakuomba uniwekee nafasi kwenye albamu."

Drusilla akainua macho. "Nafasi gani?"

"Yoyote. Hata pembeni."

"Pembeni naweka sabuni," akasema Drusilla. Akafungua ukurasa mpya, katikati kabisa, akaandika kwa penseli L. P., akazungusha maua manne ya karatasi pembezoni, na katikati akaacha wazi. Lemuel alirudi kwangu anaelea. Akasema kadi ikishabandikwa pale, mbele ya macho yao wote wawili, siku hiyo hiyo atamposa. Aliapa. Orpha alikuwa shahidi, na ndoo ya maziwa mkononi.

Sanduku likafika kwa treni. Bagley akagonga ukuta wangu kwa ngumi: "Asa! Njoo uone mambo ya mjini!" Nikakimbia na wembe mkononi, mteja nimemwacha na povu shavu moja. Wote tulikuwepo. Bagley akachana karatasi, akampa kila mtu kadi yake.

Lemuel akaitazama ya kwake. Kwa nje alimwona mtu na mbwa, akatabasamu kidogo, kama mtu anayemcheka jirani. Juu pameandikwa KABLA HAJATUJIA. Akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na bwana mmoja amevaa koti la mkia, fimbo mkononi, na yule yule mbwa amekaa chini anampa mguu wasalimiane. BAADA YA KUTUJIA. Yule bwana alikuwa Lucius. Lemuel akafunika. Akafunua tena, haraka safari hii, kama vile akiwahi atajikuta ndani. Akafunika.

"Bwana Bagley," akasema polepole, "mimi niko wapi?"

"Uko hapo! Mbele kabisa! Mtu wa kwanza kuonekana ni wewe."

"Huyu mwenye mbwa?"

"Mbwa ni wa kuchora tu, usiwe na wasiwasi."

"Hatuna mbwa," akasema Lemuel.

Lucius alikwisha ondoka na kadi yake, amekwenda dirishani penye mwanga. "Mjerumani ameyapatia masharubu," akasema. "Mjomba Asa, njoo uone masharubu yetu."

Nikaenda. Yalikuwa yamepatikana kweli.

Basi Lemuel akafanya hesabu yake, nami, wapwa zangu, ile hesabu sitaisahau. Akasema: Drusilla huwa hafiki dukani kwa Bagley, kofia zake hazihusiani na suruali. Kadi anazipata kwa watoto wanaozunguka majumbani kubadilishana. Kwa hiyo nikizikusanya kadi hizi zote kutoka mikononi mwa watoto, hataiona hata moja. Nitamwambia zimeungua. Wazo zuri. Kasoro yake ndogo ni kwamba aliyekuwa na kazi ya kuzigawa kaunta, kila mteja moja, kila mtoto moja, kwa amri ya Bagley, alikuwa nani? Lemuel.

Kwa hiyo asubuhi anagawa mlango wa mbele, mchana anazikusanya mlango wa nyuma. Alikuja na kadi zake mwenyewe za kubadilisha, zile alizokuwa amekusanya ampelekee Drusilla: paka wa uzi, malaika wa sabuni. Siku ya kwanza paka mmoja alitosha kwa kadi moja ya Bagley. Lakini watoto wa Tolliver si wajinga, nusu yao wamekuwa wafanyabiashara. Wakajiuliza: huyu mtu mzima anatafuta nini? Kuna siri! Siku ya pili walitaka paka wawili na bibi kizee wa jiko. Siku ya tatu nilimkuta msichana mmoja wa kimo cha ndoo, mikono nyuma, anamwambia Lemuel, "Hiyo ya mbwa siitoi. Imekuwa adimu."

"Adimu? Nimezigawa mamia, mwanangu!"

"Ndiyo, lakini hazionekani. Kila mtu anaitafuta."

Na kweli walikuwa wanaitafuta. Mama zao walianza kuja dukani kuomba kadi ya mbwa, na wakishaingia wananunua soksi. Mashangazi walituma watu kutoka Medina, mji wa jirani. Bagley alikaribia kuimba. "Haijawahi kutokea!" akaniambia. "Kadi zinakwisha kama mkate wa moto! Nimeandika Buffalo walete masanduku mawili zaidi." Lemuel alikuwa anasikia hayo akiwa juu ya ngazi na furushi la vizibao, akashuka taratibu, akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akavuta mikono ya koti.

Na wakati anahangaika hivyo na watoto, Lucius hakuhangaika na mtu. Alivaa glavu, akachukua kadi moja, akaenda nayo kwa Bi. Drusilla Jumapili saa ile ile ya Lemuel, maana Lemuel siku hiyo alikuwa amejificha jikoni kwangu anakula pai ya Orpha kwa huzuni. Jumatatu Lucius akaja kunyolewa, uso wote unang'aa kabla sijaugusa.

"Nimempelekea kadi, Mjomba. Nimemfunulia mwenyewe, nimemwonyesha ndani."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alitazama ndani sana. Halafu akainuka, akaenda jikoni kukoroga unga na maji." Akajipapasa masharubu. "Nimemwacha anatayarisha gundi."

Sasa mimi ni kinyozi. Habari ikiingia kwenye kiti changu haiwezi kulala humo. Jioni nilimweleza Lemuel vile vile nilivyoambiwa, pamoja na gundi.

"Basi," akasema. "Ukurasa wangu umepata mtu."

"Labda amebandika pembeni, penye sabuni," nikamliwaza.

"Lucius hawezi kuwa pembeni, Mjomba. Umemwona?"

Orpha alinipiga na mwiko begani. "Wewe Asa, badala ya kumpa mtu moyo! Na wewe Lemuel, nenda ukamuulize mwenyewe. Una miguu mirefu kuliko wote mjini, unaitumia kukimbilia jikoni kwangu tu?"

"Akinitazama atamwona yule mbwa, Bi. Orpha."

"Atamwona wapi? Mbwa yuko nyuma!"

Hakwenda. Jumapili ya pili ikapita. Pale kona ya kanisa tukaona pazia la Drusilla limefunguliwa mapema, na kiti kimewekwa dirishani, na baadaye pazia limefungwa kwa nguvu kidogo. Orpha aliona. Wanawake huona mapazia. Akasema, "Yule atachemka."

Akachemka Jumamosi, siku ya wakulima, duka la Bagley limejaa hadi mlangoni. Mimi nilikuwemo, sijui kwa nini, wembe mkononi. Umati ukagawanyika, akaingia Bi. Drusilla Wickham na kofia yenye ubawa wa ndege, na ubawa wenyewe umesimama kama uko tayari kuruka. Akaenda moja kwa moja kaunta. Akaweka kadi.

"Karibu, karibu, Bi. Drusilla!" Bagley akainama. "Lucius, mletee bibi kiti."

"Sikuja kukaa. Kadi hii ni ya duka hili?"

"Ni yetu, bibi, kwa fahari."

"Na maneno haya ya chini ni yenu? Nisomee. Miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa puani mwake. Bagley, mfanyabiashara mzoefu, hakuitaja. Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Ingia, chagua ukipendacho, nasi tutakufungia."

"Vizuri. Nimeingia, na nimechagua."

Lucius akanyoosha tai yake. Akapiga hatua mbele, akashusha sauti. "Bi. Drusilla, labda mambo haya tungeyazungumza faragha..."

"Wewe tulia, mwanangu. Kwako sijafika, na sioni kama nitafika." Akaweka kidole juu ya kadi. "Nataka huyu."

Bagley akainama kutazama. Kidole kilikuwa juu ya Lemuel, karibu na mbwa. "Ah, bibi, huyo ni yule wa kabla. Hujafunua. Ngoja nikuonyeshe." Akaingiza ukucha chini ya kifuniko. Hakikufunuka. Akajaribu kwa ncha ya mkasi. Hakikufunuka. "Kimegoma," akasema. "Kimeshika."

"Kimeshika kwa sababu nimekigandisha. Gundi ya unga, mkono wa kwanza siku ile ile nilipoletewa, mkono wa pili kesho yake." Akamgeukia Lucius, na kusema kweli hakuwa na ukali. "Nilifunua, nikaona cha ndani. Ni kizuri. Wakati wowote nikitaka kukiona, kiko kwenye kila dirisha la duka. Nikafunika."

Mkulima mmoja aliyekuwa amevaa suruali mpya mguu mmoja alisimama hivyo hivyo kama korongo.

"Lakini bibi," Bagley akajaribu, "huyu nguo zimemkataa. Na mbwa..."

"Nguo ni kazi ya sindano, nami ninayo. Mbwa nitamfukuza mwenyewe. Sasa niambie mbele ya watu wote hawa: mnafunga, au kadi yenu ina uongo?"

Bagley akawatazama wateja. Wateja wakamtazama Bagley. Namsifu yule mzee kwa jambo moja tu maishani mwake, kwamba hakujiuliza mara mbili. "Lemuel!" akaita. "Toka huko uliko!"

Yale makoti mazito ya baridi yaliyotundikwa kule pembeni yakatikisika. Kwanza ukatoka mguu, maana mguu ndio hutangulia, kisha wakati mrefu ukapita, kisha akatoka Lemuel mwenyewe, uso umeiva, anavuta mkono wa kulia, anavuta wa kushoto. Bagley akavuta karatasi ya kaki kutoka kwenye gombo lake, akamzungushia kifuani, akapitisha kamba mara mbili, akafunga kitanzi cha pambo kama vile anafunga shati la Krismasi.

"Usikaze sana," akasema Drusilla. "Hilo koti litapasuka."

Akasogea, akasimama mbele ya kifurushi chake. Ubawa wa kofia ulimfika Lemuel kidevuni.

"Uliniomba nafasi, nikakuachia. Ukanikimbia Jumapili mbili. Ile nafasi bado iko wazi, na kadi hii sijaibandika, kwa sababu sibandiki mtu anayejificha jikoni kwa kinyozi."

"Nilidhani utanicheka," akasema Lemuel kutoka ndani ya kaki.

"Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu nahodha aondoke nilikuwa sijacheka hivyo. Sasa?"

Lemuel akafungua mdomo. Sote tukajua kinachokuja. "Bi. Drusilla," akasema, "asubuhi niliona mawingu upande wa ziwa..."

"Ndiyo, Lemuel," akasema Drusilla. "Jibu langu ni ndiyo. Haya, uliza."

Akauliza. Sauti haikusikika vizuri kwa sababu ya vigelegele na yule mkulima wa mguu mmoja aliyeanguka juu ya kasha la kola. Lakini aliuliza, mimi nilikuwa karibu.

Lucius msimhurumie sana. Kabla ya mavuno alikwisha posa binti wa mwenye benki kule Lockport, na kadi alimpelekea hiyo hiyo, imefunuliwa. Yule binti aliibandika picha ya ndani ikionekana, na wanaishi vizuri, na vioo vingi nyumbani.

Lemuel alibaki kwa Bagley miaka yote, mpaka watu wa Tolliver wakawa hawanunui koti bila kumuuliza kama linawafanya waonekane wamefariki. Drusilla alimpiga marufuku Bagley kumvisha nguo za kwenye rafu. Ile kadi akaibandika katikati ya ukurasa, kwenye nafasi yake, upande wa mbwa juu. Mnazoziona nyinyi kwenye albamu za mama zenu ni za sanduku la pili na la tatu, zinafunuka. Ile ya Drusilla haifunuki hata leo. Nimejaribu.

Lakini harusi yenyewe sijaisema. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa stroberi, kanisa limejaa harufu ya krimu maana meza zilikuwa tayari zimewekwa uani. Nywele za Lemuel nilizifanya kwa ile karafuu, mkitaka kujua, na njia ilinyooka kuliko ya kwenye kadi. Koti alilishona Drusilla mwenyewe, jeusi, usiku na mchana, na kwa kuwa alikuwa ameona koti fupi la kutosha maishani alilikata mikono mirefu, na kwa upendo akaongeza tena kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Lemuel Pratt alivaa mkono wa koti uliofika kwenye kifundo cha mkono, tena ukakipita.

Alipofika mbele ya mchungaji, kwa woga, akavuta wa kulia. Kisha wa kushoto. Akavuta tena. Mchungaji akasema, "Pete." Lemuel akaitoa mfukoni, lakini mkono wenyewe haukuonekana, ulikuwa umezama mzima ndani ya mkono wa koti, vidole vyote, na pete pamoja navyo. Akatikisa. Kanisa zima likainama kuangalia sakafuni. Mimi nilikuwa karibu nipige magoti.

Drusilla hakugeuka. Alinong'ona tu, lakini unajua kunong'ona kwa watu wenye maneno machache, kulifika hadi mlangoni:

"Vuta juu, Lemuel. Sasa ni kuvuta juu."